Damu Iliyokataa Kuganda

Kuku alichinjwa asubuhi, na jua lilipoanza kushuka damu yake ilikuwa bado mbichi.

Domitila ndiye aliyeiona. Alikuwa akifagia ua akakuta dimbwi dogo pale kisu kilipopita. Damu ya kuku haina subira. Ukigeuka tu kuchukua maji ya moto ya kunyonyolea, ukirudi imeshaganda. Hii ilikuwa ikitetemeka kila fagio lilipogusa ardhi, nyekundu, nyepesi, na hata udongo ulikuwa umekataa kuinywa. Nzi hakuwepo hata mmoja. Nzi wa Ifakara, ambao mwaka ule wa njaa walikuwa wakigombea hata jasho la mtu! Domitila akachovya ncha ya kidole, akanusa. Ilinuka kama jembe lililolala nje mvuani. Akaimwagia majivu, akaendelea kufagia.

Na huyo kuku hakuwa wa kuchinjwa hivi hivi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, askari wa Wadachi walikuwa wamechoma maghala ya mpunga bonde zima, na watu walikuwa wakichimba mizizi ya mayungiyungi ili wapate cha kutia tumboni. Nyumba ya Domitila ilikuwa imebakiwa na kuku huyo na jogoo mmoja mkongwe. Lakini asubuhi ile alikuja mgeni asiyeweza kupewa mlenda mtupu. Alikuwa ndugu wa damu wa mwanawe, Kasmiri.

Habari za ndugu huyo zilijulikana na kila mtu, maana Kasmiri hakuchoka kuzisimulia. Siku walipokimbizwa na askari upande wa Mchombe, risasi ilimpita pajani. Alikuwa amekunywa maji ya vita kama wenzake, akaahidiwa kwamba risasi zitageuka maji. Hazikugeuka. Alijikokota ndani ya matete, jua la utosi likiwaka, damu ikimtoka kwa mapigo, macho yakaanza kuingia giza. Hapo akatokea mtu ambaye hakumjua, akapiga magoti kwenye tope, akaweka mdomo juu ya jeraha. Damu ikakoma. Kisha yule mtu akamwambia, "Nimekupa uhai. Tuchanjiane." Wakachanjana chale mikononi, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake, wakaapa kwamba cha huyu ni cha yule. Kasmiri akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Nani angemnyima mtu kama huyo kuku?

Mgeni alikula kidogo sana. Muda mwingi alikaa kizingitini, mrefu, mkimya, mkono wake wa kulia ukiwa na chale ambayo bado ilikuwa mbichi, kana kwamba imekatwa jana. Domitila alisikia sauti ndogo ikitoka upande wake, ya kunyonya, ya taratibu, kama ya mbwa anayekunywa maji mbali. Lakini mgeni hakuwa na kata wala kibuyu. Alikuwa anamtazama tu Yosefina, mke wa Kasmiri, aliyekuwa akichambua mboga na tumbo lake la miezi minane.

Alipoaga, aliinama mbele ya Domitila kwa adabu zote.

"Nitarudi mtoto atakapozaliwa, mama," alisema. "Fungu langu litakuwa tayari siku hiyo."

"Karibu, mwanangu," Domitila akajibu, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu. Alipofagia kizingiti akakuta ruba watatu wamejikunja kwenye udongo mkavu, mbali kabisa na maji yoyote.

* * *

Wiki haikuisha, Yosefina akaanza kutema mate mekundu.

Alidhani ni mswaki umemchoma. Akabadilisha mti, ufizi ukaendelea kuvuja. Kisha damu ya pua, ikaanza anapochota maji na kukoma anapopenda yenyewe. Domitila alikuwa mkunga, alikuwa amepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, na macho yake yalizoea kusoma mwili wa mwanamke. Alimlaza mkwewe kwenye mkeka akamfunua miguu. Miundi yote ilikuwa na vidoadoa vyekundu, vidogo, vingi, mfano wa alama za viroboto, ila havikuwasha, na alipobonyeza kwa kidole havikufifia. Pajani damu ilikuwa imevilia, doa pana la zambarau.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka, mama. Niliegemea mtungi tu."

"Panauma?"

"Hapaumi. Ila mchana, jua likiwa utosini, nasikia kama kuna mtu ananinyonya." Yosefina alishusha sauti hadi ikawa pumzi. "Si maziwa. Ndani ya mishipa. Na nasikia sauti yake, mama. Wewe huisikii?"

Domitila alikuwa anaisikia tangu siku ya kuku. Aliogopa, akaogopa zaidi kuonyesha kwamba anaogopa. Alijua kile ambacho binti huyu hakukijua bado, kwamba kila mwanamke anapozaa hubaki na kidonda kikubwa ndani, pale kondo la nyuma lilipokuwa limeshika, na kinachomwokoa ni damu kuganda. Alishawahi kuona wawili ambao yao haikuganda. Hawakumaliza hata nusu siku.

Akamwita Hilari. Hilari alikuwa mtoto wa dada yake, ameajiriwa na kambi ya Wadachi kumsaidia daktari wa askari, na wakati huo daktari mwenyewe alikuwa Mahenge, funguo akimwachia yeye. Alikuja jioni, akamsalimu mama yake mdogo shikamoo, akamchoma Yosefina kidoleni kwa sindano na kuchukua tone juu ya kioo. Akaondoka mbio kambini. Kidole kile kiliendelea kudondosha mpaka wakabadilisha vitambaa, na kila walipodhani kimetulia kilianza upya.

Asubuhi Hilari alirudi akiwa hana furaha.

"Mama, nimetazama kwa darubini ya daktari. Damu si kitu kimoja. Kuna chembe nyekundu, hizo ndizo nyingi. Kuna nyeupe, hizo hupigana na homa. Na kuna vingine vidogo kuliko vyote, daktari anaviita visahani. Mtu akijikata, visahani ndivyo vinavyowahi kwenye tundu. Vinanata, vinaitana, vinarundikana mpaka tundu linazibwa, ndipo damu inaganda juu yake na donge linajikaza. Bila hivyo, hata pale pasipo na jeraha damu hupenya ngozini. Ndivyo hivyo vidoa."

"Na za mke wa ndugu yako?"

"Nyekundu zipo, nyeupe zipo. Visahani nimevitafuta mpaka macho yakauma. Nimeona kimoja, mama. Kimoja!"

"Vimekwenda wapi?"

"Daktari husema wakati mwingine ni homa, wakati mwingine wengu huvimeza, au hata dawa. Yosefina hana homa, wengu haujavimba, na dawa ya kizungu hajaigusa." Akatazama kizingiti, akasogea karibu na mama yake mdogo huyo aliyemlea. "Na jambo jingine. Nilijichoma na mimi nijilinganishe, maana siku ile nilikula hapa yule mgeni alipokuwepo. Vyangu vipo tele. Kinachokula hakimli kila mtu. Kinachagua."

"Hakuna dawa?"

"Daktari alisema labda siku moja wataweza kuvihamisha, mwenye navyo amgawie asiye navyo. Siku hiyo haijafika."

Kuhamisha damu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule! Mbona mwanawe alishafanya hivyo, kwenye matete, kwa ulimi?

"Cha huyu ni cha yule," akanong'ona. Akajifunga kitenge vizuri, akatoka bila kuaga.

* * *

Eustaki alikuwa mnoaji. Kabla mapadri hawajambatiza, na baada ya kumbatiza vilevile wakiwa hawaangalii, watu wawili walipotaka kuchanjiana walimwita yeye. Yeye ndiye aliyekaa katikati yao akinoa kisu kwa kisu juu ya vichwa vyao, akitamka mipaka ya undugu na laana ya atakayeivuka. Bila mnoaji hakuna anayechanjiana. Hata watoto wanalijua hilo.

"Nani alinoa?" lilikuwa swali lake la kwanza, kabla Domitila hajamaliza kueleza.

"Hakuna. Walikuwa wawili tu."

Mzee alifumba macho. "Wawili tu. Jua la utosi. Kwenye matete. Mama Kasmiri, mwanao alichanjiana na nini?"

"Nimekuja uniambie wewe."

"Wazee walikuwa na jina lake, sitalitaja. Ni jini la kinamasi. Halili nyama wala halinywi damu, damu linaiacha. Linakula kile kinachoifunga. Zamani lilipata ruba na samaki, basi. Vita vimelimwagia damu ya watu mtoni msimu mzima, limeonja, sasa halirudi nyuma." Alizungumza chini chini, akitazama mlango. "Na mwanao amelipa njia. Amesema cha huyu ni cha yule, wala hapakuwa na mtu wa kusema isipokuwa hiki, isipokuwa yule. Mke ni wake, kwa hiyo ni wa jini. Mtoto pia. Siku ya kuzaa litakula karamu."

"Livunjwe hilo agano."

"Halivunjiki. Linaweza kukamilishwa. Likija, liambie undugu wao ni nusu, ukamilishwe mbele ya mnoaji. Likikataa, limekana undugu lenyewe, halina tena haki ya kuvuka kizingiti. Likikubali, litafungwa na mipaka mtakayoitaja. Yote mawili ni heri kwako."

"Basi twende, mzee wangu. Chukua visu."

Eustaki hakuinuka.

"Mnoaji hana upande, Mama Kasmiri. Unalijua hilo. Akiwa ananoa hahesabiwi kwa huyu wala kwa yule, hata angekuwa baba yao. Mipaka inawalinda walio ndani yake. Mnoaji yuko nje. Kwa watu haidhuru, watu wanakula ini la kuchanjiana wanakwenda zao. Lakini hili likishafungwa kinywa kwa nyumba nzima, njaa yake itamwangukia nani?" Alimtazama sasa, na macho yalikuwa yamejaa machozi. "Nina wajukuu. Nisamehe. Siwezi."

Domitila hakumlaumu. Alinyoosha mkono.

"Nipe visu," alisema. "Na maneno."

* * *

Uchungu ulimshika Yosefina asubuhi ya mvua, ukakaza, na mvua ilipokatika jua likatoka kali likasimama utosini. Hapo ndipo mtaa ulipokufa sauti. Vyura waliokuwa wakipiga kelele mtaroni walinyamaza wote pamoja. Domitila alikuwa amepiga magoti kati ya miguu ya mkwewe, akaona kitambaa alichokitandika kimeanza kulowa kabla ya wakati wake, damu nyepesi kama maji yaliyosuuziwa chungu cha rangi, na akasikia kule nje ile sauti ya kunyonya, sasa si ya mbali tena.

"Hodi, mama."

Kasmiri, aliyekuwa amekaa kwenye gogo uani, alisimama akatabasamu kwa mazoea, kisha akaona njia ambayo ndugu yake alipita. Ruba walikuwa wamemfuata. Walikuwa wakijivuta kutoka mtaroni kwa mafungu, weusi, wanang'aa, wakipanda juu ya majani, juu ya mawe, juu ya vidole vya miguu ya mgeni bila yeye kuvitikisa, na nyuma yao udongo ulikuwa umelowa damu isiyokauka.

"Mama," Kasmiri akanong'ona. "Mama, nimeleta nini nyumbani?"

"Kamata jogoo," Domitila akamwambia kutoka mlangoni. "Mchinje, toa ini. Usiongee naye." Akamwachia Hilari, aliyekuwa ameitwa tangu asubuhi, mke wa Kasmiri, naye Hilari akashika mkono wa Yosefina akaanza kusali kwa sauti inayokatika. Domitila akatoka na visu viwili.

"Karibu, mwanangu," alimwambia mgeni. "Umekuja kuchukua fungu lako. Lakini undugu wenu ni nusu. Haukunolewa. Leo tunaukamilisha."

Kwa mara ya kwanza mgeni alisita. Alitazama visu, akatazama mlango ambao nyuma yake Yosefina alikuwa akilia, akalamba midomo kwa ulimi mwembamba ambao Domitila alitamani asingeuona.

"Mnoaji ni nani?"

"Ni mimi."

Basi akatabasamu, polepole, hadi meno yote yakaonekana, madogo, mengi, yamejipanga kwa duara.

"Nakubali," akasema.

Ini la jogoo lilipotolewa, wakakaa chini, Kasmiri huku na lile lililokuwa ndugu yake kule, miguu yao ikigusana, na Domitila akasimama juu ya vichwa vyao akaanza kunoa, chuma kwa chuma, huku maneno ya Eustaki yakimtoka kinywani, kwamba cha huyu ni cha yule isipokuwa mkewe, isipokuwa watoto wake waliozaliwa na watakaozaliwa, isipokuwa damu yake mwenyewe na kila kilichomo ndani ya damu hiyo, kikubwa kwa kidogo, chekundu kwa cheupe, na vile visahani visivyoonekana kwa macho, na atakayevuka mpaka huu damu yake igande mishipani, na moyo wake uwe jiwe, na mto umkatae, na matete yamkatae, na ruba walikuwa wamefika kwenye visigino vyake, alikuwa anawahisi wakipanda, baridi, mmoja mmoja, nyuma ya magoti, mapajani, lakini alijua akisita kunoa hata kidogo yote yamepotea, kwa hiyo aliendelea, chuma kwa chuma, mpaka sauti yake ikakauka na neno la mwisho likatoka kama kikohozi.

Akakata. Mkono wa Kasmiri ulitoa damu nyepesi. Mkono wa yule mwingine haukutoa damu. Kilichochomoza ni donge, jeusi, nene kama ini, likasukumwa na jingine nyuma yake, na jingine, na harufu iliyotoka ilimfanya Kasmiri atapike ubavuni. Ilikuwa ni kuganda kote kulikoibwa kwenye damu ya watu wa msimu ule wa vita. Domitila alilipaka donge juu ya kipande cha ini la jogoo akamlisha mwanawe, akapaka damu ya mwanawe juu ya kipande kingine akamlisha mgeni. Mikono yake ilikuwa ya mkunga.

"Kwa nyumba hii nimefungwa," mgeni akasema akimeza. Alisimama. Ruba walianza kurudi mtaroni, wote, taratibu. Alimsogelea Domitila mpaka akahisi pumzi yake ya chuma shavuni. "Na wewe, mama? Wewe uko upande gani?"

Ndani ya nyumba mtoto alilia.

* * *

Alikuwa msichana. Kondo la nyuma lilitoka, damu ikafuata, na Domitila akatia mkono chini ya kitambaa huku akihesabu pumzi za mkwewe. Ilikuja nyingi, ikapungua, ikawa nzito. Halafu ikaganda. Aliliinua donge kiganjani, likiwa zito na jeusi na la kawaida kabisa, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, mpaka Yosefina akashtuka akauliza kama mtoto mzima.

"Mzima, mwanangu. Wote wazima."

Vidoa vya miundi vilififia. Hilari alitazama tena kwenye darubini akarudi akiruka, anasema visahani vimejaa kioo. Kasmiri alichimba mizizi, akavua kambale, akarudishia nyumba uhai wake, na hakusimulia tena habari za matete. Mtoto walimpa jina Domitila.

Siku moja ya jua kali, wote wakiwa wamelala ndani kukwepa joto, bibi alikuwa amekaa kizingitini akishona mkeka wa kumlazia mjukuu. Shazia, ile sindano nene ya mikeka, iliteleza ikamwingia kidole gumba. Si kitu, mshona mikeka anajichoma kila siku. Alikinyonya kidole, akasubiri, akakitazama. Tone likajikusanya, jekundu, jepesi, likaanguka. Likafuata jingine. Akavuta kitenge polepole akatazama miundi yake, akaona vidoadoa, vingi, vipya.

Vyura wa mtaroni walikuwa wamenyamaza.

Alisogeza mkeka pembeni ili usichafuke. Ndani, mjukuu wake alikuwa anakoroma kidogo, kama wanavyokoroma watoto walioshiba. Kutoka kwenye matete, mbali kidogo, kwa adabu zote, sauti ikaita:

"Mama."

Domitila alimwagia majivu damu iliyokuwa chini, asije Yosefina akaiona.

"Nipo, mwanangu," akajibu taratibu. "Usipige kelele. Mtoto amelala."